Wageni Wamefika, Mihogo Bado

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:38-41, Mathayo 13:33, Luka 10:38-42

Leo tunaomba mtufuate mpaka mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi. Tusibaki katika chumba cha wageni, ambako viti vimepangwa na kitambaa kimetandikwa mezani. Tupite mlango wa nyuma, tuingie jikoni, pale penye moshi, mbabula na kinu, na pembeni ile ndoo iliyofunikwa ambayo ndani yake mihogo inachacha.

Kila nyumba ya kwetu inaijua ndoo hiyo. Mama amechimba mihogo au ameinunua sokoni. Amekaa na watoto, wamemenya, wamekata, wamelowesha ndani ya maji, wamefunika. Siku ya kwanza maji yanaonekana ya kawaida. Siku ya pili yanaanza kutoa povu dogo na harufu. Siku ya tatu au ya nne, ukibonyeza muhogo, kidole kinaingia kama kwenye ndizi iliyoiva, na ule uzi wa katikati unatoka bila kuvutwa kwa nguvu. Hapo mama anaisafisha, anaivunjavunja, anaianika juani. Halafu kinu au mashini, halafu chekeche, halafu bugali. Huko chini kwenye joto, Uvira na bonde la Ruzizi, kazi inakwenda upesi. Huku juu kwenye baridi, Walungu na Kabare, mihogo inaomba siku zaidi. Hakuna mama anayeweza kuiamuru ifanye haraka.

Sasa, siku ya pili, mlangoni kunasikika, "Hodi!" Ni shemeji amefika kutoka kijijini na mke wake na watoto wanne. Au ni familia iliyokimbia risasi, imelala njiani siku mbili, haina kitu mkononi. Unga umebaki wa kukwangua chini ya mfuko. Macho ya mama yanakwenda kwenye ndoo. Moyo unamwambia, "Itoe tu. Nani atajua? Aibu ya kuwalaza wageni na njaa ni kubwa kuliko siku moja ya mihogo."

Wapenzi, leo tunataka kusema na moyo huo. Neno letu ni moja: usikate siku za mihogo kwa sababu ya aibu. Mwambie mgeni ukweli, umkaribishe jikoni, mngoje pamoja.

KWANZA: Mungu anafanya kazi ndani ya kilichofunikwa

Bwana Yesu mwenyewe alihubiri kwa mambo ya jikoni. Katika Mathayo 13:33 alimtaja mwanamke aliyechukua chachu, akaificha ndani ya vipimo vitatu vya unga, mpaka unga wote ukachacha. Siku zile hakukuwa na chachu ya kununua dukani. Mama alibakiza donge la unga uliochacha jana, akalichanganya na unga wa leo. Baadhi ya wamama wetu wanafanya vilevile: wanabakiza vipande vya mihogo iliyokwisha kulainika, wanavitia ndani ya ndoo mpya ili kuiamsha. Kwa hiyo mama wa Kivu anaushika mfano huo upesi kuliko wengi waliosoma vitabu vikubwa.

Tena angalieni kiasi. Vipimo vitatu ni karibu lita 20 za unga, au zaidi. Ni kipimo kile kile ambacho Abrahamu alimwambia Sara akande, wageni watatu walipofika hemani wakati wa jua kali, katika Mwanzo 18:6. Mwanamke wa mfano wa Yesu hakuwa anajipikia peke yake. Unga wa namna hiyo ni wa kulisha watu wengi. Ufalme wa Mungu unafanana na mama anayetayarisha chakula cha wengi, na kazi yenyewe inafanyika mahali ambapo macho hayaoni.

Kuna waamini wanaouliza, "Mchungaji, je, chachu si mfano wa dhambi?" Ni kweli, Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 5 anafananisha uovu na chachu, na Bwana aliwaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo. Lakini Bwana huyo huyo aliifananisha na Ufalme wake. Chachu inaenea polepole mpaka imejaza kila kitu. Swali ni hili: ni kitu gani kinachoenea? Kuchacha ndiko kunakotupa maziwa ya mgando na unga wa bugali. Kuchacha huko huko ndiko watu wanakokutumia kutengeneza kasiksi inayobomoa nyumba na kuwalaza baba barabarani. Ndoo haina dhambi. Angalia unachotia ndani, na mtu anayekula au kunywa anatoka vipi.

Dada yetu, wewe uliyeomba kwa ajili ya mume wako na huoni kitu, kumbuka ndoo. Siku ya kwanza maji yalionekana ya kawaida, lakini kazi ilikuwa imeanza. Usiseme Mungu amelala kwa sababu kifuniko kimefungwa.

PILI: Haraka inaweza kuleta mauti ndani ya sufuria

Fungueni 2 Wafalme 4:38-41. Kulikuwa na njaa katika nchi. Elisha alikuwa Gilgali, na wana wa manabii wameketi mbele yake. Akaagiza sufuria kubwa iwekwe motoni. Mtu mmoja akatoka kwenda shambani kutafuta mboga. Akaona mmea wa mwitu, akachuma matango yake mpaka nguo yake ikajaa, akayakatakata ndani ya sufuria bila kuyajua. Watu walipoanza kula, wakapiga kelele kwamba mauti imo ndani ya chakula.

Mtu yule hakuwa mchawi wala adui. Alikuwa ndugu mwenye nia njema, aliyetaka watu wale wakati wa njaa. Lakini nia njema haikuondoa sumu. Mtu anaweza kupika kwa upendo, akaimba huku anasonga, na bado sufuria ikawa na mauti.

Wapenzi, tuseme wazi: mihogo michungu ina sumu. Madaktari wanaiita sianidi. Sumu hiyo ni ulinzi wa mmea: wanyama wengi wanauacha, hata mwizi hapendi kuuchimba, na ndiyo sababu wakulima wengi wanaupanda wakati wa vita na usalama mdogo. Sumu imefungwa ndani ya mzizi. Tunapolowesha na mihogo ikachacha na kulainika, kile kifungo kinafunguka. Sumu nyingine inatoka ndani ya maji, nyingine inakwenda hewani. Lakini ukiitoa siku ya kwanza au ya pili, ikiwa bado ngumu, sumu nyingi inabaki ndani. Ukiikausha upesi na kuisaga, unga utaonekana mweupe na mzuri, lakini hatari imo. Kuusonga bugali dakika chache hakutoshi kuiondoa.

Katika Congo yetu tunajua matunda ya haraka hiyo. Huko Kwango kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Wayaka, nalo linamaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtoto analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekaza, hawezi kutembea vizuri tena. Unawapata zaidi watoto, na wamama walio katika umri wa kuzaa. Unatokea pale watu wanapokula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, siku baada ya siku, bila maharagwe, samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kuitoa ile sumu. Umeonekana wakati wa ukame, wakati wa njaa, na wakati wa vita, hata hapa kwetu Kivu ya Kusini. Watu wanapokuwa na haraka, siku tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Na dawa ya kuirudisha miguu ile kama zamani haijapatikana.

Na hapa tunataka kila mtu asikilize vizuri, hasa sisi watumishi wa Mungu. Mtoto akilemaa kwa ghafla, mara nyingi familia inaanza kutafuta mchawi. Wanamtazama bibi mzee. Wanamtazama mtoto yatima anayeishi kwa shangazi. Wanamleta kwenye maombi afungwe, afungishwe chakula, apigwe mpaka akubali. Ndugu, konzo hauambukizi, na hautumwi na bibi usiku. Kabla ya kumnyoshea mtu kidole, mwulizeni mama kwa upole, "Mihogo ililala ndani ya maji siku ngapi?" Elisha hakuuliza nani ameroga sufuria. Hakumwaibisha mpishi. Aliomba unga, akautia ndani, watu wakala bila madhara. Mtumishi wa Mungu wa kweli anaitengeneza sufuria, hamtafuti mtu wa kuchoma.

Na mtu akila mihogo kisha akaumwa kichwa, akasikia kizunguzungu au akatapika, tumpeleke kituo cha afya saa ile ile. Tuombe njiani. Maombi na miguu ya kwenda kwa daktari havigombani.

TATU: Mgeni aingie jikoni

Sasa twende Luka 10, nyumbani kwa Martha. Mara nyingi tunahubiri kana kwamba jikoni ni mahali pa watu wa mwili, na watu wa rohoni wanakaa na Yesu huko mbele. Tusome tena. Bwana hakukataa chakula cha Martha. Alisema juu ya mahangaiko yake na wingi wa mambo yaliyomsumbua. Martha alikuwa peke yake na sufuria, na Mgeni alikuwa upande mwingine. Moyo ulijaa, mwisho akamlaumu dada yake mbele ya Mgeni.

Kwetu pia ni hivyo. Mgeni anapewa kiti kizuri na mlango wa jikoni unafungwa, asione kwamba unga umekwisha, asione sufuria moja na makala kidogo. Huko nyuma mama anakimbia peke yake, na pale pale, nyuma ya mlango uliofungwa, ndipo siku za mihogo zinapokatwa. Aibu inapenda giza. Ukweli ukiingia jikoni, aibu haina kazi tena.

Tuliliona jambo hili kwa mama mmoja mjane wa shirika letu. Wamama sita walikwenda kumtembelea siku ya posho. Unga ulikuwa umekwisha, na mihogo yake ilikuwa siku ya pili tu. Alifunua ndoo mbele yao akasema, "Wamama, sitawadanganya. Mihogo yangu bado. Nina viazi na maharagwe, na nina rundo lingine la mihogo la kumenya." Akaleta visu. Wakavuta vibao, wakakaa kuzunguka beseni. Viazi vilichemka, maganda yakaanguka, maneno yakaanza. Katika chumba cha wageni mjane yule alikuwa akijibu tu, "Ni vizuri, namshukuru Mungu." Kwenye maganda, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kisu, alisema lile lililomkosesha usingizi: shemeji zake walikuwa wanataka kumtoa katika nyumba ya marehemu. Wamama waliacha visu, wakaomba pale pale. Kesho yake wawili wao walimsindikiza kwa wazee wa kanisa, na jambo likaanza kufuatwa. Kama angewapikia bugali wa haraka, wangekula, wangeomba maombi mafupi ya kuaga, wangerudi kwao bila kujua kitu.

Mnaona? Siku ambazo mihogo inachukua si siku zilizopotea. Ni siku za kukaa pamoja. Mihogo haiongezewi haraka, lakini mtu anaweza kuongezewa rafiki.

BASI TUFANYE NINI?

Mama mpendwa, pima mihogo kwa kidole, usiipime kwa kalenda peke yake. Kama bado ni migumu, irudishe ndani ya maji, hata kama ni siku ya nne. Usipike wala usinywe maji ya kuloweshea. Kama shamba lako na ndoo zako vinaruhusu, uwe na ndoo mbili: moja ikiwa karibu kutoka, nyingine ikianza. Hivyo mgeni hakukuti mikono mitupu. Na bugali usiende peke yake: maharagwe, ndagala kidogo au sambaza vinausaidia mwili wa mtoto.

Kuna pia msaada kwa unga usioaminika, ule ulionunua sokoni bila kujua ulilala siku ngapi. Tangu mwaka 2010 wamama wa Kwango wamefundishwa njia moja iliyofikiriwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Tia unga ndani ya bakuli au beseni, weka alama pale unga unapofika. Mimina maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kumimina. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka au ungo safi, tabaka jembamba lisilozidi sentimeta 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu iliyobaki inatoka hewani. Kisha usonge bugali siku ile ile, usiulaze. Njia hii haichukui nafasi ya kulowesha vizuri, inaongeza usalama. Elisha aliomba unga sufuria ikapona. Wewe utaomba maji kidogo na jua la Mungu.

Papa mpendwa, neno lako liko hapa pia. Wewe ndiye unaleta wageni bila kuaga, halafu unauliza kwa sauti, "Bugali iko wapi?" Sauti hiyo ndiyo inayomsukuma mama kufungua ndoo kabla ya wakati. Mkisikia mihogo bado, sema wewe mwenyewe mbele ya wageni, "Leo tunakula viazi." Neno hilo moja la baba linaondoa mzigo mzima. Na toa franga za maharagwe.

Na wewe mgeni, ndugu uliyekimbia vita au shangazi uliyekuja kusalimia: usimlazimishe mwenyeji. Ukiona ndoo, uliza kisu. Ukiwa na kikombe cha unga ndani ya mzigo wako, kitoe. Waebrania 13:2 inatukumbusha kuwapokea wageni, maana wengine wamewapokea malaika bila kujua. Malaika waliofika kwa Abrahamu walingoja chini ya mti mpaka unga ukakandwa na ndama akapikwa. Kama malaika waliweza kungoja, sisi nasi tutaweza.

Mwisho, wapenzi, tusifanye kwa roho zetu lile tunalokataa kwa mihogo. Kuna ndugu amebatizwa mwezi huu, tunataka ahubiri mwezi ujao. Kuna binti ametoka katika uchungu mkubwa, tunamwambia asamehe leo na atabasamu leo. Mwacheni Roho Mtakatifu alainishe mpaka ndani, kwenye ule uzi wa katikati. Kaeni naye, menyeni pamoja, ombeni pamoja, ngojeni pamoja.

Tuombe. Baba wa mbinguni, bariki majiko yetu. Bariki mikono inayomenya na migongo inayobeba maji. Ondoa aibu inayotufanya tufiche ndoo tupu, na haraka inayotia mauti ndani ya sufuria. Linda miguu ya watoto wetu. Waokoe wale wanaosingiziwa uchawi, na utupe sisi watumishi wako hekima ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Tufundishe kungoja na wageni wetu, na wewe Mwenyewe uwe Mgeni wetu wa kwanza, karibu na mbabula. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.